Kompyuta ya duka inakataa kulala saa nne usiku: jinsi ya kuitafuta ruhusa inayokosekana

Kompyuta ya mezani ikiachwa macho usiku kucha inakula tokeni bila kumtumikia mtu, na feni yake inaendelea kuvuta ndani hewa ya bahari yenye chumvi. Kwa duka la kuchapa na intaneti hapa Lamu, liwe Langoni au Mkomani, dawa ni kuipangia ilale yenyewe baada ya duka kufungwa. Wengi wameshajaribu. Wanaandika amri, wanaweka saa, wanafunga mlango, na asubuhi wanakuta kioo bado kinawaka. Kisha hutokea mtu na ushauri wa haraka: "Mpe kijana wa duka paswadi ya msimamizi, yaishe."

Ushauri huo siukubali hata kidogo. Kompyuta za maduka haya zina nakala za vitambulisho vya watu, vyeti vya kuzaliwa, fomu za mkopo wa wanafunzi, hati za mashamba. Anayeshika paswadi ya msimamizi anashika yote hayo. Inayotakiwa hapa ni ruhusa moja tu, ya kuilaza mashine, na inaweza kutolewa peke yake.

Nitaeleza zaidi kwa Linux, hasa Ubuntu na Debian, kwa sababu huko ndiko mambo ya ruhusa yanakochanganya watu. Windows nitaigusa baadaye. Akaunti ya mfano nimeiita `duka`. Wewe weka jina la akaunti yako.

Kwanza, hakikisha mashine yenyewe inajua kulala

Keti mbele yake, ingia kwa akaunti ya kawaida, fungua terminali (dirisha la kuandika amri), andika:

```
systemctl suspend
```

Ikilala, iamshe kwa kibonye cha kuwasha. Ikiamka vizuri, na kioo, kibodi na mtandao vikarudi, basi mashine ni nzima na tatizo lako ni la ruhusa au la ratiba. Ikilala isiamke, au kioo kikabaki cheusi, hilo ni suala la draiva (programu inayoendesha vifaa vya mashine) au la mipangilio ya BIOS (programu ya msingi inayoiwasha mashine), na hakuna ruhusa itakayolitibu. Angalia pia:

```
cat /sys/power/state
```

Ukiliona neno `mem` katika jibu, usingizi wa kawaida unawezekana.

Jambo moja la kuzingatia kabla ya kuendelea. Kompyuta iliyolala bado inahitaji stima kidogo ili kuihifadhi kazi iliyo kwenye kumbukumbu yake. Stima ikikatika usiku na huna UPS (betri ya akiba), ambacho hakikuhifadhiwa kimepotea. Mfundishe anayefunga duka ahifadhi kazi kwanza, kila siku.

Pili, ilazimishe ikuambie kwa nini imekataa

Watu wengi huweka amri yao kwenye cron, huduma ya Linux inayoendesha amri kwa ratiba, kwa `crontab -e`, hivi:

```
0 22 * * * systemctl suspend
```

Saa nne ikafika, kimya. Cron huwa inajaribu kutuma majibu kwa barua pepe ya ndani ya mashine, na kompyuta nyingi hazina programu ya kuipeleka barua hiyo, kwa hiyo malalamiko yanatupwa. Yaelekeze kwenye faili ili uyasome:

```
0 22 * * * /usr/bin/systemctl suspend >> /home/duka/lala.log 2>&1
```

Nimeandika njia kamili, `/usr/bin/systemctl`, kwa makusudi. Cron haizijui njia zote ambazo terminali yako inazijua, na kuna amri zinazoshindwa kwa sababu hiyo tu. Ukitaka kujaribu bila kungoja usiku, weka dakika chache mbele ya saa ya sasa.

Na hapa pana mtego wa saa ambao unatukuta sisi kuliko wengine. Kompyuta inahesabu kuanzia usiku wa manane. Saa nne usiku yetu ni 22:00, na saa moja asubuhi ni 07:00. Ukiandika 4 ukidhani ni saa nne, mashine italala saa kumi alfajiri. Thibitisha pia ukanda wa saa:

```
timedatectl
```

Isipoonyesha `Africa/Nairobi`, rekebisha kwa `sudo timedatectl set-timezone Africa/Nairobi` (`sudo` huendesha amri kwa haki za msimamizi). Kompyuta iliyoachwa kwenye UTC (saa ya kimataifa) iko nyuma yetu kwa saa 3, kwa hiyo 22:00 yake ni saa saba usiku hapa. Usianze kugusa ruhusa kabla hujaithibitisha saa, kwa maana mara nyingi mashine inalala vizuri kabisa, ila kwa wakati ambao hakuna mtu wa kuiona.

Sasa soma faili la `lala.log`. Ukikuta maneno `Interactive authentication required`, umelipata tatizo. Mashine inasema: nahitaji mtu mwenye mamlaka aandike paswadi, na simwoni.

Kwa nini amri ileile inakubaliwa mchana na kukataliwa usiku

Sehemu hii ni ya kuelewa, kwa sababu ukiielewa hutahitaji kubahatisha tena.

Kwenye Linux ya leo, anayeilaza kompyuta ni huduma iitwayo logind. Haimlazii mtu mashine mpaka iiulize huduma nyingine, polkit, kama anayeomba ana haki. Polkit nayo haiangalii jina lako tu. Inaangalia pia umekaa wapi. Andika:

```
pkaction --verbose --action-id org.freedesktop.login1.suspend
```

Mwishoni mwa jibu utaona mistari kama hii:

```
implicit any:      auth_admin_keep
implicit inactive: auth_admin_keep
implicit active:   yes
```

Mstari wa mwisho unamhusu aliyeketi mbele ya kioo na kikao chake ndicho kinachotumika wakati huo: huyo anakubaliwa bila swali. Miwili ya juu inamhusu aliyeingia kwa mbali, au ambaye kikao chake kimewekwa kando mwingine akaingia, au kazi inayojiendesha yenyewe isiyo na kikao chochote. Hao wote wanatakiwa paswadi ya msimamizi.

Cron iko katika kundi hilo la pili. Inaendesha amri kwa jina lako, lakini haijaketi popote. Ndiyo maana mchana ulipoandika kwa mkono ilikubali, na usiku amri hiyohiyo, jina hilohilo, ikakataliwa. Ukitaka kuona kwa macho, andika `loginctl list-sessions`. Kikao cha mtu aliye mbele ya kioo kitaonyesha `seat0`. Cha aliyeingia kwa SSH (njia ya kuingia kwenye kompyuta kutoka mbali) hakina kiti.

Kuna ruhusa nyingine jirani, `org.freedesktop.login1.suspend-multiple-sessions`, ambayo huulizwa pale watu wawili wenye akaunti tofauti wanapokuwa wameingia kwa pamoja. Duka ambalo kijana wa asubuhi anaiacha akaunti yake wazi na wa jioni anafungua yake linaikuta sana. Ichunguze kwa `pkaction` kama ile ya kwanza.

Tatu, chagua ni nani atakayeomba

Kama lengo lako ni mashine ilale kila usiku kwa saa maalum, usimpe mtu yeyote ruhusa mpya. Mwache mfumo wenyewe uombe. Hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwa duka, na ndiyo nitakayoieleza kwa urefu. Utahitaji haki za msimamizi mara moja tu, wakati wa kuiweka.

Andika hati fupi, yaani faili la amri (script):

```
sudo nano /usr/local/sbin/lala
```

ndani yake:

```
#!/bin/sh
saa=$(date +%H)
[ "$saa" -ge 22 ] || exit 0
exec /usr/bin/systemctl suspend
```

Kisha uipe mmiliki na haki zake:

```
sudo chown root:root /usr/local/sbin/lala
sudo chmod 755 /usr/local/sbin/lala
```

Naomba usiipite hatua hii haraka. Hati inayoendeshwa na ruti (`root`, akaunti kuu ya Linux yenye mamlaka yote) lazima isiweze kuandikwa na mtu mwingine. Nimekuta maduka ambako hati ya namna hii imewekwa ndani ya `/home/duka`, mahali ambapo kijana yeyote wa zamu anaweza kuifungua na kuongeza mstari wake, na usiku ruti akautekeleza bila kuuliza. Huko ni kumpa ruti kwa mlango wa uani. Iweke `/usr/local/sbin`, imilikiwe na ruti, basi.

Sasa tengeneza huduma, `/etc/systemd/system/lala.service`:

```
[Unit]
Description=Laza kompyuta ya duka

[Service]
Type=oneshot
ExecStart=/usr/local/sbin/lala
```

na ratiba yake, `/etc/systemd/system/lala.timer`:

```
[Unit]
Description=Saa ya kulaza kompyuta

[Timer]
OnCalendar=*-*-* 22:00:00

[Install]
WantedBy=timers.target
```

Washa:

```
sudo systemctl daemon-reload
sudo systemctl enable --now lala.timer
systemctl list-timers lala.timer
```

Amri ya mwisho itakuonyesha lini itaendeshwa tena. Isome kwa makini uone kama ni 22:00 ya leo.

Pengine umejiuliza kwa nini hati inaangalia saa tena ilhali ratiba imeshaiweka. Sababu yake ni hii. Tuseme jioni umeilaza kompyuta mwenyewe saa mbili usiku. Saa nne inapita ikiwa usingizini. Asubuhi unaiamsha, na ratiba inaona wakati wake ulishapita, inaendesha amri papo hapo, na mashine inalala tena mbele ya mteja. Mstari wa `-ge 22` unaizuia: kabla ya saa nne usiku hati inatoka bila kufanya kitu. Kwa sababu iyo hiyo usiongeze `Persistent=true` kwenye ratiba hii, hata kama mifano mingi unayoiona inayo.

Kujaribu huduma mchana, badilisha 22 kwa muda iwe 0, endesha `sudo systemctl start lala.service`, kisha irudishe. Ikishindwa, soma:

```
systemctl status lala.service
journalctl -u lala.service
```

Ukiona `status=203/EXEC` pamoja na `Permission denied`, umesahau `chmod 755`. Ukiona nambari hiyohiyo lakini malalamiko ni kwamba faili halipo, ilhali unaliona lipo, huenda hati iliandikwa kwenye Windows ikaletwa kwa flashi na mwisho wa kila mstari una alama isiyoonekana. Iandike upya hapohapo kwa `nano`.

Ikiwa ni lazima mtu aombe mwenyewe

Kuna hali ambapo ratiba peke yake haitoshi. Mwenye duka yuko Mokowe, ng'ambo ya maji, amesahau kufunga mashine, na anataka kuingia kwa SSH na kuilaza. Huyo atagongana na mistari miwili ya juu ya polkit. Hapa unatoa ruhusa, lakini kwa kundi dogo lenye kazi hiyo tu:

```
sudo groupadd walaza
sudo usermod -aG walaza duka
```

Kisha tazama toleo la polkit kwa `pkaction --version`, kwa sababu namna ya kuandika kanuni ilibadilika. Ubuntu 22.04 na Debian 11 zina toleo 0.105. Debian 12 na Ubuntu 24.04 zina toleo jipya, na kwenye hilo unaandika `/etc/polkit-1/rules.d/50-lala.rules`:

```
polkit.addRule(function(action, subject) {
    if (action.id == "org.freedesktop.login1.suspend" &&
        subject.isInGroup("walaza")) {
        return polkit.Result.YES;
    }
});
```

Kwenye 0.105 unaandika `/etc/polkit-1/localauthority/50-local.d/lala.pkla`:

```
[Ruhusa ya kulaza]
Identity=unix-group:walaza
Action=org.freedesktop.login1.suspend
ResultAny=yes
ResultInactive=yes
ResultActive=yes
```

Ukiweka faili la `.rules` kwenye toleo la zamani, halitasomwa na hutaambiwa kitu. Vivyo hivyo faili likiwa na jina lisiloishia `.rules`, au likiwa na haki zinazoizuia polkit yenyewe kulisoma. Lipe `chmod 644`. Kosa la mabano ndani ya kanuni utaliona kwa `journalctl -u polkit`.

Usiandike kanuni inayosema kila kitu kinachoanza na `org.freedesktop.login1` kiruhusiwe. Humo mna kuzima na kuwasha upya pia, na mteja aliye katikati ya kujaza fomu ya kodi hatakusamehe. Kama unahitaji ile ruhusa ya vikao vingi, itaje kwa jina lake kamili kama nyongeza, baada ya kufikiri: kuiruhusu maana yake ni mtu mmoja anaweza kuilaza mashine ilhali mwenzake anaitumia.

Njia ya `sudo` ipo vilevile. Kwa `sudo visudo -f /etc/sudoers.d/lala` unaandika mstari mmoja:

```
duka ALL=(root) NOPASSWD: /usr/bin/systemctl suspend
```

Inafanya kazi, mradi mtu aandike amri ileile neno kwa neno, na `sudo` mbele. Jina la faili lisiwe na nukta, la sivyo linarukwa. Tumia `visudo` kila mara. Faili la `sudoers` lenye kosa linaweza kukufungia nje ya `sudo` kabisa.

Ruhusa ipo, na bado hailali

Angalia nani anaizuia:

```
systemd-inhibit --list
```

Programu yenye `block` kwenye neno `sleep` imeomba mashine isilale: huenda ni masasisho yanaendelea, au ni kitu kinachopakuliwa. Hiyo si hitilafu, na kuizima kwa nguvu katikati ya masasisho ni kujitafutia kazi. Sogeza saa ya masasisho.

Uwezekano mwingine ni kwamba aliyeiandaa mashine kabla yako alizima usingizi kabisa. `systemctl status sleep.target suspend.target` ikionyesha `masked`, fungua kwa `sudo systemctl unmask sleep.target suspend.target`. Ila muulize kwanza kama yupo. Mashine inayotumiwa na wengine kama seva ya printa hufungwa hivyo kwa sababu.

Kuiamsha asubuhi

Ukitaka iwe macho kabla hujafika, ongeza mstari huu kwenye hati, juu ya ule wa `exec`:

```
/usr/sbin/rtcwake -m no -t "$(date -d 'tomorrow 07:00' +%s)"
```

Unaweka kengele ya saa moja asubuhi ndani ya saa ya mashine yenyewe. Amri hii inagusa `/dev/rtc0`, na mtu wa kawaida atakataliwa. Ndani ya hati yetu inaendeshwa na ruti, kwa hiyo hakuna ruhusa ya kutoa.

Kwa wenye Windows

Ratiba huwekwa kwenye Task Scheduler. Vishimo ni vichache lakini vinajirudia. Fungua kazi yako, uangalie safu ya `Last Run Result`. Ukiona `0x80070005`, imenyimwa ruhusa: weka alama kwenye `Run with highest privileges`. Ukiona `0x8007052E`, paswadi ya akaunti ilibadilishwa na ratiba bado imeshika ile ya zamani. Ifungue, uihifadhi upya na uandike paswadi mpya. Duka linalobadilisha paswadi kila mfanyakazi anapoondoka, na ni vizuri kufanya hivyo, lazima likumbuke hatua hii. Kuiendesha kazi kwa akaunti ya `SYSTEM` kunaliondoa tatizo la paswadi moja kwa moja.

Kwa laptopu, tazama ukurasa wa `Conditions`: kwa kawaida kazi hukataa kuanza mashine ikiwa inatumia betri, na stima ikikatika saa tatu na nusu, saa nne haitatokea kitu. Ondoa alama hiyo.

Amri inayotumiwa na wengi ni `rundll32.exe powrprof.dll,SetSuspendState 0,1,0`. Kama usingizi mzito wa diski (hibernate) umewashwa, amri hii itaipeleka mashine huko, si kwenye usingizi mwepesi, hata ukiandika sifuri. Kwa duka la Lamu mimi naona hilo ni jema: kazi inaandikwa kwenye diski, na stima ikipotea usiku haipotei nayo. Asiyeutaka auzime kwa `powercfg /hibernate off`, katika dirisha lililofunguliwa kwa haki za msimamizi. Katika dirisha hilohilo `powercfg /requests` itakuonyesha programu inayoizuia kulala.

Kesho yake

Kwenye Linux, asubuhi ya kwanza tazama kama ililala kweli:

```
journalctl -u lala.service --since yesterday
```

Kisha safisha. Futa mstari wa zamani kwenye `crontab -e`, la sivyo kila usiku utaendelea kuomba na kukataliwa. Futa majaribio yote ya `sudoers` uliyoyaacha. Na siku mfanyakazi anapoondoka dukani, mtoe kwenye kundi siku hiyohiyo:

```
sudo gpasswd -d duka walaza
```